Tabo ya Kiboko na Salamu za Mkwe

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na gari.
Likawaka.
Likazimwa lingali la moto.
Likawa la nani?
Likawa la kusukumwa.

Haya, kaeni vizuri. Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu. Hadithi hii ina milio yake, sitaki wa kwako uingilie.

Hapo kale, si kale sana maana magari yalikuwepo, Kiboko alihamia kwenye lambo la wanyama wote. Akaingia, akajilaza. Akajigeuza, maji yakawa tope. Ukienda kunywa, anakuuliza nani kakuruhusu. Ukimwambia una kiu, anakujibu, "Kiu ni yako, maji ni yangu." Swala akaenda, akarudi na kiu. Punda milia akaenda, akarudi na kiu. Pimbi naye, yule mdogo wa kwenye majabali, asiyefika hata goti la mbuzi, akaenda, akarudi na kiu. Tena huyu nyumbani kaacha watoto, akawakuta wanalamba umande kwenye mawe. Hilo la umande lilimuuma Pimbi. Lilimuuma kwelikweli.

Sasa, Kiboko alikuwa na gari, na gari lilikuwa na tabo. Tabo mnaijua? Ni kile kidude kilichojiviringa kama konokono, kinachoipulizia injini upepo ili ikimbie kuliko ilivyozaliwa. Kiboko aliipenda hiyo tabo kuliko ndugu zake, na kila akipata nafasi alikwenda kwa Ngedere, fundi wake, na ombi lilelile.

"Fundi, ongeza upepo."

"Bwana mkubwa, kiwandani waliiwekea kipimo chake."

"Ongeza upepo."

"Nikiongeza itazunguka mno, na itachemka mno. Basi ukitoka mbio, ukisimama usizime papo hapo. Iache injini iungurume polepole kwanza, oili ipite, tabo ipoe. Ukizima ingali ya moto, oili itaungulia mlemle ndani iwe masizi, na tabo ndiyo imekufa. Umesikia?"

"Nimesikia. Ongeza upepo."

Ngedere akaongeza. Kiboko akatoka, vuuuum, pshaaa, vumbi mpaka kwenye sufuria za watu. Juu ya jabali alikuwepo Pimbi, anaota jua. Masikio ya pimbi ni madogo lakini hayana mlango. Alisikia yote, akayameza, akashuka kimya.

Kiburi hakikai tumboni. Siku ile ile Kiboko akatangaza: atakayemshinda kwa gari kuuzunguka mlima mara tatu, atamwachia lambo. Swala akatazama kwato zake. Punda milia akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

"Mimi," akasema Pimbi.

Kiboko alicheka hadi lambo likafurika. "Kwa gari gani, wewe kidonge?"

"Kwa mkweche wangu, bwana mkubwa."

Mkweche wa Pimbi mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na honi yake ilikuwa Pimbi mwenyewe kupiga mluzi. Haukuwa na tabo, na kwa hiyo haukuwa na taabu.

Kabla ya shindano Pimbi akaenda nyuma ya mlima, mtoni, kwa mama mkwe wa Kiboko. Jueni kwamba Kiboko hamwogopi simba, hamwogopi mamba, lakini mama mkwe wake anamwogopa, maana mama huyo akinuna, binti anafunga mizigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sura ya msiba?"

"Naona haya kusema, mama. Kesho mkweo anapita hapa na gari. Anasema hana haja ya kusimama. Anasema mlio wa gari utakusalimia."

"Mlio?"

"Mlio, mama."

Mama mkwe aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakipangusa vumbi.

Kesho yake shindano likaanza. Kiboko, vuuuum, pshaaa! Pimbi, tuku-tuku-tuku. Vumbi lilimfunika Pimbi hata asiuone usukani. Alifikiria umande, akakanyaga mafuta.

Nyuma ya mlima Kiboko akaona kigoda, na juu ya kigoda, kanga, na ndani ya kanga, mkwe. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama!"

"Nani huyo ananiungurumia?"

"Ni mimi, mama, mkweo."

"Mkwe wangu ana adabu. Mkwe wangu akinisalimu huzima gari, hushuka, huinama."

"Mama, niliache liungurume kidogo tu, mpaka ipoe."

"Ipoe nini? Salamu?"

Kiboko akashika ufunguo. Akazima. Zii. Akashuka, akainama. Akaulizwa binti hajambo, akajibu hajambo. Akaulizwa watoto, akajibu. Akaulizwa shangazi wa binti, yule wa jino moja, akajibu. Na mle ndani ya tabo, oili ikawa inaungua taratibu, chwiii, kama kitunguu kilichosahaulika jikoni.

Tuku-tuku-tuku. Pimbi huyo.

"Hodi, mama, napita."

"Pita tu, mwanangu. Wewe hukuoa kwangu."

Kiboko alipoachiwa aliwasha, akamfukuza Pimbi, akampita. Lakini sasa gari lilikuwa na mluzi: vuuuum, fyuuuu. Mzunguko wa pili akakikuta kigoda palepale.

"Mama, tumeshasalimiana."

"Tumesalimiana, ila sijakuuliza habari za mvua. Zima, nisikie."

Akazima. Zii. Akainama. Mvua bado, mama. Na mihogo? Mihogo hajambo. Mihogo hajambo? Samahani, mama, haijambo. Na ndani ya tabo, chwiii.

Tuku-tuku-tuku.

"Hodi, mama, napita."

"Pita tu, mwanangu. Wewe hukuoa kwangu."

Mzunguko wa tatu Kiboko alikuja na moshi wa buluu nyuma, fyuuuu, kwara-kwara, fyuuuu. Ukitazama macho yake ungemhurumia, kama si hilo lambo. Safari hii aliapa hasimami. Akafumba macho, akakanyaga mafuta mpaka chini, na hapo hapo mbele ya kigoda, tabo ikasema neno lake la mwisho: KWAA!

Gari likasimama lenyewe. Likazima lenyewe. Moshi wote ukaingia kwenye kanga.

"Vizuri," akasema mama mkwe akikohoa. "Safari hii umezima bila kuambiwa. Haya, shikamoo yangu iko wapi?"

Tuku-tuku-tuku. Hodi, mama. Pita, mwanangu. Pimbi akafika wa kwanza, na wanyama wakapiga vigelegele mpaka mlango wa kamba ukafunguka.

Kiboko alifika jioni akisukuma gari, masizi mpaka kwenye nyusi. Mnadhani alitimiza ahadi? Thubutu. Alipitiliza moja kwa moja hadi lambo, akajitosa, akajilaza.

"Nimeshindwa," akasema. "Haya, nani atanitoa?"

Watoto wa Pimbi walikuwa wamesimama ukingoni na vibuyu vyao vitupu. Pimbi akawatazama, kisha akaugeukia mkweche wake, maana hakuwa amekuja peke yake; baada ya kushinda alikuwa amerudi kule kwenye kigoda. Akafungua kamba ya mlango.

"Hakuna wa kumtoa," akasema. "Mama, shuka. Umeshinda juani, umepigwa na moshi. Karibu uoge."

Mama mkwe akashuka, akajifunga kanga vizuri, akaanza kuingia majini.

Ee, mkwe na mkwe ndani ya maji mamoja? Kiboko alitoka kwa kasi ambayo hata tabo haikuwahi kumpa. Alikimbia ameziba macho kwa mikono, anagonga miti, anaomba radhi kwa kila mti. Mama akaoga kwenye kona moja, akapapenda, akahamia. Wanyama wakanywa upande mwingine, maji safi. Watoto wa Pimbi walikunywa mpaka wakawa na kwikwi, na Kiboko mpaka leo hajarudi.

Na fundisho, wanangu, maana bila fundisho mama zenu watasema nawapotezea muda: waheshimuni wakwe zenu, na magari yenu yatadumu.

Mnacheka nini? Mimi ndivyo nilivyofundishwa. Hadithi nimeiegesha hapa. Ikiwa tamu, iendesheni mpaka kwenu. Ikiwa chungu, isukumeni mnirudishie. Ila msiizime ingali ya moto.