Sauti Studioni, Kata Mkononi

Sogea. Sogea zaidi, ukuta huo una masikio. Apa kwanza kwamba haya hayatoki hapa. Umeapa? Vizuri. Mimi nami nilimwapia Mama Elinami, tena juu ya Biblia yake, na tazama, nakusimulia.

Hapo zamani, tena si zamani sana, huku milimani Upare usharika wetu ulikuwa na redio, na redio ilikuwa na mhubiri Kanankira, mume wa huyo Mama Elinami. Kipindi chake cha saa tatu asubuhi kiliitwa Waheshimu Wazazi. Akitamka "mama", hata mbuzi waliacha kutafuna. Mama yake mzazi, Nakijwa, alilala na redio ubavuni kama kichanga.

Nakijwa akaugua, miguu ikavimba. Muuguzi akasema, "Hospitali, leo hii."

"Siendi," akasema Nakijwa, "mpaka mwanangu aniwekee mkono kichwani aniombee. Anawaombea wa watu, mimi je?"

Jumatatu tukamngoja. Redio ikasema, "Niko nanyi mubashara. Mama yangu mpenzi, nakuombea uzima." Jumanne tukamngoja. Redio ikasema yale yale. Jumatano tukamngoja. Redio yale yale, na uvimbe umefika mapajani.

Alhamisi sisi kina mama tukasema basi. Tukamlaza kwenye machela, redio kichwani pake, maana bila hiyo hatoki. Tulipofika kwa muuza dengelua mabega yakatushinda, tukamtua. Redio inanguruma: "Sasa ni saa tatu na nusu, niko hapa studioni, mubashara..."

Pazia la kilabuni likafunuka. Akatoka Kanankira, kata ya kunywea mkononi, povu la pombe ya miwa kwenye sharubu. Nyuma yake Sifaeli, fundi mitambo wa redio, anajifuta mdomo.

Mtu kasimama bubu, na sauti yake inahubiri.

"Kumbe studio imehamia huku!" akasema mwenzetu mmoja. "Na kwaya iko ndani?"

Sifaeli akaanza kujitetea: "Mimi hubonyeza tu, mama zangu. Jumatatu aliniambia turekodi, apate kwenda kwa mama yake. Ningemkatalia? Jumanne nikanusa pombe. Nikabonyeza. Jumatano nikabonyeza. Leo nimebonyeza, nikamfuata."

Mama Elinami, naye kashika machela, akasema: "Nilijua tangu Jumatatu. Ningesema, usharika ungemfukuza kazi, na mama mkwe angeuawa na aibu kabla ya ugonjwa."

Kanankira akatazama kiganja chake. "Miaka kumi na mmoja naitwa kwenye vitanda vya wagonjwa. Kumi na saba nimewawekea mkono huu. Kumi na saba nimewazika. Mnanisifu sauti, nani amewahi kuwahesabu? Ningeuwekaje juu ya mama yangu?"

Na mimi? Mama Elinami aliniapisha Jumatatu ileile. Kijiji hiki sijawahi kukitunzia siri hata ya kuku aliyetaga kwa jirani. Nikaitunza hiyo moja. Siku tatu nampelekea Nakijwa uji, ananiuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Nami, "Yuko studioni, dada. Kunywa uji."

Kanankira akaweka kata chini, akapiga magoti, akaunyoosha ule mkono. Nakijwa akausukuma kando. Akapapasa redio, akaongeza sauti.

"Nyamazeni," akasema. "Mwanangu ananiombea."

Hospitali tulifika akiwa hai, lakini usiku haukumkuta hai. Daktari alituuliza swali moja tu, tukainamisha vichwa wote: siku hizi tatu amezipoteza nani?

Haya, wewe uliyeapa, mjibu daktari. Mwana aliyeogopa mkono wake? Fundi aliyebonyeza? Mke aliyeficha? Au kizee hiki, kilichojifunza kufunga mdomo siku ambayo ilifaa kuuachia? Je, nani alistahili kuinua kichwa akasema, "Ni mimi"?