Fisi na Safari Isiyo na Nyuki

Mwaka huo jua lilikuja Bonde la Mkunazi kusalimia tu, likapapenda, likahamia na familia yake yote. Mto ukakauka hadi kambare wakawa wanaulizana nani ana miguu. Nyuma ya milima kulikuwa na ziwa, lakini njia aliijua mmoja tu: Sungura, ambaye alikwisha kwenda na kurudi.

Sungura akaanza kazi ya kuongoza wasafiri, kwa ujira wa karanga kidogo. Hakumbembeleza mtu. Kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu akasimulia safari yake mwenyewe, kwa mikono, kwa masikio na kwa makalio.

"Kuna jiwe jeusi," alisema, "nikakaa nipumzike. Manyoya yangu ya nyuma yamebaki pale mpaka leo. Mbele yake kuna mgunga uliopinda, umejaa nyuki. Ukishaumwa, usilie. Kata kushoto, shuka, utasikia vyura."

Wanyama walicheka hadi wakasahau kiu, kisha wakaenda kutafuta karanga.

Fisi, yule mlafi, alisikiliza kutoka kichakani akimeza mate. Kesho yake naye akajitafutia kichuguu. Maisha yake yote hakuwahi kufika mbali kuliko harufu ya mfupa.

"Ndugu zangu, mimi hiyo safari nimeifanya," akaanza. "Upepo unanisukuma, masikio yangu marefu yanapepea."

"Marefu?" akauliza Simba, mfalme mwenye majivuno, bila kufungua macho.

"Yalipungua njiani, mheshimiwa. Kwa raha."

Jiwe jeusi akaligeuza godoro. Nyuki akawatoa kabisa, maana nyuki hawaleti wateja. Mahali pao akaweka mlima wa nyama choma inayojigeuza yenyewe.

"Na sisi wala majani?" akauliza Swala.

"Kachumbari iko pembeni, mama."

Swala hakucheka. Mwanawe alikuwa hajasimama tangu jana, ulimi umemkauka kama gome. Wakikosea njia mara moja tu, mtoto huyo hafiki. "Bwana Fisi, kweli hakuna nyuki? Mwanangu hawezi kukimbia."

"Nyuki gani? Huyo Sungura ana mkosi wake binafsi."

Simba akaamka. "Mfalme haendi safari ya kuungua makalio. Tunakwenda na Fisi."

Basi wote wenye nguvu za kutembea wakamfuata, mtoto wa Swala akiwa mgongoni mwa Punda, na Fisi akaongoza kwa kunusa nyayo za zamani za Sungura. Fisi akakusanya vyakula vyote vya njiani, eti avitunze. Sungura hakubishana. Alifuata nyuma, mbali kidogo, akitafuna.

Kabla ya adhuhuri Simba alitaka kula.

"Vyakula viko wapi?"

"Nimevitunza mahali salama, mheshimiwa," alisema Fisi, akajipapasa tumbo.

Simba alikuwa anafungua kinywa kumjibu, au kumla, wakafika kwenye jiwe jeusi. Fisi akaona pa kuponea. "Godoro hilo. Karibu."

Simba akakaa kwa heshima zote. Aliondoka bila hata moja. Hakulia, maana wafalme hawalii, ila aliimba kidogo, sauti nyembamba ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Nyama, Fisi," alisema alipopata pumzi. "Nionyeshe nyama sasa hivi, la sivyo nyama ni wewe."

Jambo la ajabu ni kwamba Fisi hakuogopa. Kisa chake alikuwa amekisimulia mara nyingi mno njiani, kila mara akikiongezea mafuta, hadi mwenyewe akakiamini. Akainua pua. Mbele yao palikuwa na mgunga uliopinda, na kwenye tawi pananing'inia kitu cha kahawia, kinene, kinadondosha kitu kitamu.

"Ile pale," akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Nisubirini, nionje kama imeiva."

Akaruka kinywa wazi, akaung'ata mzinga mzima.

Nyuki hawakuuliza nani kaanza. Waliingia mdomoni, wakatokea puani, wakapumzika masikioni, wakarudi kazini. Fisi akapita mbele ya wenzake akielekea kusikojulikana, mwendo ambao hata Duma aliuheshimu.

Wanyama wakaanza kutawanyika. Swala akasimama imara.

"Jiwe jeusi. Mgunga uliopinda. Nyuki," alisema polepole. "Jamani, hapa tumefika kwenye safari ya Sungura. Tukate kushoto."

"Kushoto, mama," ikasema sauti ya Sungura nyuma yao. "Shukeni taratibu, kuna utelezi."

Wakashuka. Wakasikia vyura. Mtoto wa Swala alikunywa amelala, akanywa amepiga magoti, kisha akasimama na kupiga chafya.

Kiu ilipomrudisha Fisi, Simba alitoa hukumu akiwa amekaa ndani ya maji, kwa sababu zake. Fisi arudi bondeni, awabebe mgongoni wote waliobaki kwa kushindwa kutembea, bila ujira, mpaka waishe.

Wa kwanza alikuwa Bibi Kobe. Alimtazama Fisi, uso umevimba kama boga, akauliza, "Huko njiani kukoje, mwanangu?"

"Kubaya, bibi."

"Kubaya vipi?"

Fisi akamweleza yote, jiwe, nyuki, utelezi, hata mahali alipoangukia na mahali alipolia.

"Haya, inama nipande," alisema Bibi Kobe. "Sasa naona umewahi kufika."