Mgongo wa Kindi na Mfumo wa Kiboko

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Imekuja, imechoka, inaomba kiti. Mmekaa?

Tumekaa!

Basi aliyekalia mkia wa mwenzake asogee, maana leo kuna mkubwa atainama.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuweka akiba, palikuwa na Kiboko mwenye shamba la karanga kando ya mto. Shamba lake, ghala lake, na hata miti ya mpakani alidai ni yake. Mlimaji wake alikuwa mmoja tu, Kindi, mama wa watoto wadogo. Kindi akilima, ko! ko! ko! Kindi akichuma, chwa! chwa! chwa! Kindi akibeba, he! he! he! Na Kiboko akila, kwachu! kwachu! kwachu! Jioni Kindi anapewa maganda.

"Bwana Kiboko," Kindi akasema, "nyuma ya ghala kuna tundu. Panya wanatumaliza. Tulizibe."

"Nani kakuuliza? Inama, lima!"

Kindi akainama, akalima.

"Basi, bwana, nipe ruhusa nikatafute kazi nyingine."

"Nenda tu," akajibu Kiboko. "Ila ukitoka, nitakwenda kuuegemea ule mti wako."

Watoto wa Kindi walilala kwenye mti ule, na mti ukishaegemewa na Kiboko huwa kuni. Kindi akaumia moyoni. Akainama, akalima.

Siku moja akapita Kanu, yule mnyama mdogo wa madoadoa na mkia mrefu, tai ya ukindu shingoni, mashavu yamenawiri, kikapu kimefurika.

"Kaka Kanu, umelima wapi hivyo?"

"Alime nani? Mimi siku hizi mshauri wa mifumo. Natoka kwa Nyumbu."

"Mfumo ndio nini?"

"Kazi ile ile, dada, ila imefungwa kamba. Unafika kama mgeni. Unauliza maswali. Unamwambia mwenyewe yale anayoyajua, naye anafurahi kweli kweli. Unakula. Ila usisahau: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe likitokea, wewe uwe umeshaondoka."

Kindi akabaki anawaza. Ghala lile alilijua tundu kwa tundu, na panya wake aliwajua kwa majina. Ujuzi alikuwa nao. Kilichomfunga ni mti. Akajiambia, "Kazi siachi. Nifukuzwe."

Kesho yake akawa analima huku analia.

"Una nini wewe?" Kiboko akauliza.

"Naogopa, bwana. Nyumbu amewekewa mfumo. Wanasema ghala lenye mfumo halihitaji mlimaji. Hata maganda hulishi mtu."

Kiboko akasimamisha taya. "Hata maganda?"

"Hata maganda."

"Basi toka! Toka leo hii!"

"Na mti wangu, bwana?"

"Nimekufukuza mwenyewe, mti niuegemee wa nini? Toka!"

Kindi akaondoka analia, hi! hi! hi! Alipofika nyuma ya kichuguu akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi, hodi! Nani? Kindi huyo, tai shingoni, mkia umechanwa, mgongo wima. Mtaniuliza, Kiboko hakumjua? Angemjuaje? Miaka yote alimwona mgongo, tena umeinama. Uso hakuwahi kuutazama. Kindi alilijua hilo na lilimuuma sana, lakini siku hiyo likamfaa.

"Mimi mshauri wa mifumo. Unataka nini, bwana?" akauliza mgeni.

"Nataka karanga ziingie ghalani, zisitoke."

Kindi akazunguka shamba, akazunguka ghala, akarudi.

"Nimechunguza kwa kina. Unachotaka ni karanga ziingie ghalani, zisitoke."

"Lo! Umejuaje?"

"Tena nyuma kuna tundu. Lizibwe."

"Mtaalamu huyu! Mlimaji wangu hakuwahi kuniambia! Kula, mgeni, kula!"

Kindi akala karanga, si maganda. Kabla ya siku ya tatu akaaga, akawabebea watoto. Juma lililofuata akaja tena, mgeni upya. Akala, akaaga, akarudi, mpaka watoto wakapata vitambi.

Kiboko naye alikuwa ameshajitapa kwa majirani zake, Ngiri na Pofu: "Nawekewa mfumo!" Kindi akafunga kamba kutoka ghalani hadi shambani, akatundika vibuyu. Siku ya uzinduzi majirani wakaja. Kiboko akavuta kamba. Nga! nga! nga! vibuyu vikalia. Wakapiga makofi. Karanga zikabaki ardhini.

Lakini zile kamba zilimchelewesha Kindi, na siku ilikuwa ya tatu. Kiboko akacheka taya zote.

"Mgeni siku mbili!" akanguruma. "Siku ya tatu?"

"Mpe jembe!" majirani wakaitikia.

Pu! Jembe likaanguka miguuni pa Kindi. "Haya, inama!"

Moyo wa Kindi, ndu! ndu! ndu! Akiinama tu, mgongo utajulikana, na mgongo ukijulikana, mti unaegemewa. Akautazama mti wake kwa mbali. Kisha akatabasamu.

"Ahsante, bwana. Majirani, shuhudieni. Mfumo ni wa yule anayeutumia, na hutumika kwa jembe. Nikilishika jembe hili, mfumo ni wangu, na karanga ni zangu. Nalichukua."

Akanyoosha mkono, pole pole.

"Acha!" Kiboko akalirukia. "Jembe langu! Mfumo wangu!" Akainama, akalima, ko! ko! ko! Majirani wakawa wanamtazama, na kwa vile alivyokuwa amejitapa, angeachaje?

"Mnaona?" akahema. "Unafanya kazi!"

"Tunaona," akasema Ngiri. "Mtaalamu, kwangu unakuja lini?"

Kindi akautazama ule mgongo mkubwa ulioinama. Akauonea huruma kidogo. Kidogo tu. Akaaga.

Kiboko alilima mpaka akashindwa, akakimbilia mtoni, chubwi! Ndiyo maana hadi leo anashinda majini, mgongo tu ndio unaoonekana, na giza likiingia ndipo anatoka kula mashamba ya watu, akihofia kukutana na jembe.

Na funzo lake, wanangu: mfanyakazi mwema hainui mgongo, hasemi na wapita njia wenye tai, na akiona tundu la panya hunyamaza, naye iko siku atakumbukwa. Kiboko ndiye aliyeniagiza niwaambie hivyo, nami ujumbe nimeufikisha.

Hadithi naibwaga hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mrudishieni Kiboko mtoni.