Hasidi Ni Mpiga Debe wa Bure

"Hasidi ni mpiga debe wa bure." Mmemsikia mjomba wenu akiyasema maneno haya mchana, redio ilipokuwa ikieleza habari za wagombea urais, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Yametoka hapahapa Kwamseru, na nilikuwapo yalipozaliwa. Msicheke kabla sijamaliza, maana hasidi mwenyewe alikuwa baba yangu mzazi.

Asili yake ni hii.

Nilipokuwa msichana, kijiji chetu kilikuwa na vitongoji viwili, Juu na Chini, na vyote vilitegemea maji ya ndiva, lile bwawa la mawe lililojengwa na wazee wa zamani huko mlimani. Maji yalifunguliwa kwa zamu, kila kaya na siku yake. Aliyesimamia zamu hizo aliitwa mwenyekiti wa maji. Rais wa nchi tulimsikia tu. Mwenyekiti wa maji ndiye aliyekuwa rais wetu, kwa kuwa mahindi yako yangestawi au yangekauka kwa neno lake.

Watu wa Juu walishika mila kwa mikono miwili. Mwanamke hakukanyaga ukuta wa ndiva. Mjane hakupokea maji kwa mkono wake, alipokelewa na shemeji yake. Na kila siku ya tano ilikuwa mwiko kugusa mfereji kwa jembe, hata kama umeziba. Watu wa Chini walizishika mila hizo pia, lakini kwa vidole.

Mwenyekiti wa zamani alipofariki, walijitokeza wawili kutaka nafasi yake. Wa kwanza alikuwa baba yangu, Elieneza, mtu wa Juu. Hakuwahi kuvunja mwiko hata mmoja. Hakukosa baraza hata siku aliyokuwa na homa. Wa pili alikuwa Mbazi, fundi wa kuta za mawe, mtu wa Chini, rika moja na baba. Walitahiriwa mwaka mmoja. Mbazi hakuitupa mila, wala hakuigeuza fimbo. Watu walimwita vuguvugu, si moto si baridi.

Kura zetu zilikuwa za kujipanga. Kila kaya ilitoa mtu mmoja, naye akasimama nyuma ya amtakaye, mchana kweupe. Juu kulikuwa na kaya sabini, Chini arobaini. Kwa hiyo kila mahali swali lilikuwa hilo moja: je, wazee wa Juu watampa kura mtu vuguvugu?

Ukweli ni kwamba hawakutaka kumpa. Mbazi alipokuja Juu kuomba kura, walimkalisha barazani kwa Mzee Sekiete, aliyekuwa mkali kuliko wote, wakamuuliza kama ataruhusu wanawake wapite juu ya ukuta.

"Ukuta ni wenu, sitaugusa," Mbazi akajibu. "Lakini mjane mwenye shamba nitampa maji mkononi mwake. Hilo siwafichi."

Wazee waliguna. Mmoja alitema mate pembeni. Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, na moyo wake ulitulia, kwa kuwa aliona kwamba Mbazi amejimaliza kwa ulimi wake mwenyewe.

Kisha Mzee Sekiete akachota togwa kwenye mtungi, akampa Mbazi kata ya kwanza. Ilikuwa heshima ya mgeni tu. Baada ya hapo wakazungumza habari za mawe na kuta, Mbazi akasema neno, na mzee yule asiyecheka akacheka mpaka akafuta macho.

Baba alirudi nyumbani akiwa amebadilika. Mama alimwandalia chakula, hakukigusa.

"Amekunywa mafunda manane, Mama Nakunda," akasema. "Manane! Mimi nimemkatia mzee yule kuni miaka kumi na minne. Nimeezeka paa lake. Hajawahi kunipa kata ya kwanza hata siku moja."

"Wewe ni mtu wa nyumbani, Baba Nakunda. Mtu wa nyumbani hapewi ya kwanza."

"Alicheka naye."

"Kucheka si kura."

Mama alisema kweli, lakini wivu hauna masikio. Tangu siku hiyo baba hakupata usingizi mzuri. Akipita njiani na kumwona mtu wa Juu akisalimiana na Mbazi, alisimama mpaka salamu ziishe, apate kuona mikono imeshikana kwa muda gani. Siku moja Mbazi alipita mbele ya nyumba yetu akaniuliza hali, nami nikamjibu kwa adabu kama nilivyofunzwa. Baba akaniuliza kwa nini nimetabasamu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Basi akaamua kumwangamiza kwa maneno. Alikwenda kwa Mzee Shemboko, mpiga mbiu wa kijiji, ambaye alipiga debe kutangaza zamu za maji na misiba, na kila tangazo alilipwa kikapu cha maharage. Alimtaka atangaze makosa ya Mbazi. Shemboko alikataa. "Debe hili hutangaza maji na misiba," alisema. "Makosa ya watu katangaze mwenyewe."

Naye akatangaza mwenyewe. Alichukua debe letu la kuchotea maji, akakata fimbo, na kwa siku kumi alipanda na kushuka vijia vya Juu kila asubuhi, akipiga debe na kupaza sauti. Mimi na mama tulijifungia ndani kwa aibu.

Alianza hivi: "Sikieni, watu wa Juu! Mwaka ule wa ukame, Mbazi alimfungulia maji mjane Nakijwa, shemeji yake akiwa hayupo! Mkono wa mwanamke ulipokea maji!"

Watu walitoka nje kusikiliza. Wengine walitikisa vichwa kwa hasira, kama baba alivyotaka. Lakini Nakijwa alikuwa binti wa Juu, aliyeolewa Chini. Alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Sekiete. Mzee akatuma aitwe.

"Ni kweli, mwanangu?" akamuuliza.

Nakijwa akainama. "Ni kweli, mjomba. Shemeji alizichukua zamu zangu tatu akapeleka maji shambani kwake. Watoto walikuwa wanakula majani. Niliona haya kuwaambia nyumbani. Mbazi alinifungulia, akaniomba nisimwambie mtu, asije akanichongea kwa shemeji."

Habari ikatoka, ikatembea nyumba kwa nyumba.

Baba hakuona jinsi ilivyowageuza watu. Kijicho kilimziba macho. Akaongeza jingine: "Huyu Mbazi aligusa mfereji kwa jembe siku ya tano! Nilimwona kwa macho yangu, mvua ya masika ikinyesha, yuko tumboni mwa mfereji juu ya nyumba ya Mzee Kiangi!"

Mzee Kiangi alikuwa kipofu, na mshika mila kama wenzake. Siku zote alisimulia jinsi mfereji ulivyofurika masika yale, jinsi alivyosikia maji yakija kumzoa yeye na mkewe, na jinsi yalivyogeuka yenyewe yakaenda korongoni. Alidhani ni mizimu ya babu zake. Aliposikia debe la baba, aliomba ashikwe mkono mpaka nje.

"Elieneza," akaita, "unasema alikuwa na jembe?"

"Alikuwa nalo, mzee! Siku ya mwiko!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilisimama ng'ambo. Mimi sivunji mwiko."

Kipofu akatikisa kichwa, akaomba arudishwe ndani.

Siku ile mama alimfuata baba njiani, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulizoea.

"Baba Nakunda, weka debe chini. Unamtangaza."

"Ninamfichua!"

"Kabla hujapiga debe hili, nani huku Juu aliyejua habari za Nakijwa? Nani aliyejua habari za mfereji? Mbazi mwenyewe hakusema. Nakuomba, mume wangu, kaa kimya na utashinda."

Baba alimtazama kama adui. "Na wewe pia," akasema. "Amekupendeza na wewe." Akaendelea mbele akipiga.

Siku ya kura ikafika. Tulikusanyika uwanjani chini ya ndiva, jua likiwa juu. Baba alisimama upande mmoja, Mbazi upande wa pili. Watu wa Chini walikwenda kwa mtu wao. Wa Juu hawakusogea. Walikuwa wakimsubiri Mzee Sekiete.

Mzee aliinuka na fimbo yake. Alikuja moja kwa moja kwa baba, na baba akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. Lakini mzee alisimama hatua moja mbele yake.

"Baba," mzazi wangu akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto, "sikuvunja mwiko hata mmoja."

"Najua, Elieneza. Ndiyo maana nilikuwa nije kwako. Nililala na kuamka nikiwa wako." Mzee alipumua. "Miiko hii tuliiweka ili maji yafike kwa watu. Nimezeeka bila kujua kwamba kwa mpwa wangu hayakufika, na kwamba kwa Kiangi yalikuja kuua. Wewe ndiye uliyeniambia. Na wewe ulikuwa umesimama ng'ambo."

Akageuka, akavuka uwanja. Nyuma yake akapita Kiangi, akishikwa mkono. Kisha wengine. Si wote, kaya ishirini na tisa za Juu zilibaki na baba, na zilibaki kwa moyo. Arobaini na moja zilivuka.

Hapo ndipo Mzee Shemboko alipocheka. "Jamani," akasema, "mimi kila nikipiga debe hulipwa kikapu cha maharage. Huyu amepiga siku kumi bure, na mtu wake kashinda!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mbazi peke yake hakucheka. Alikuja mpaka aliposimama baba.

"Mwenzangu," akamuuliza taratibu, "habari za Nakijwa ulizijuaje? Nilidhani hakuna aliyeniona."

"Nilikuwa nikikutazama," baba akasema. "Miaka yote nilikuwa nikikutazama wewe."

"Basi hakuna anayenijua kama wewe," Mbazi akasema. "Hata mke wangu hakujua."

Tulirudi nyumbani watatu, mama katikati. Sitawadanganya, wivu wake haukumwisha siku ile. Aliugua nao kama ugonjwa wa kifua, leo nafuu, kesho unarudi. Lakini tangu hapo hakumtaja Mbazi kwa ubaya. Mama alipomuuliza sababu, alimjibu kwa maneno yaliyotokana na mzaha wa Shemboko uwanjani, ambayo wakati huo kijiji kizima kilikuwa kimeyafanya methali:

"Hasidi ni mpiga debe wa bure."