Ngurumo Haikai Kibuyuni

Ngurumo haikai kibuyuni. Mmeisikia methali hii leo mazoezini, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Tulieni basi. Haikuokotwa njiani, ilizaliwa hapahapa Bumbuli, na chanzo chake ni hiki.

Mhina alikuwa mpiga gita la solo wa bendi ya Milima Sita. Vidole vyake, acheni! Gita lake lilisikika kupitia sanduku la spika alilolichonga baba yake, Mzee Shekiondo, fundi seremala: spika mbili ndogo ndani ya mbao za mvule. Kwa desturi ya bendi, hakuna dansi lililoanza kabla sanduku hilo halijawekwa katikati ya jukwaa.

Mwaka mmoja bendi ikapata amplifaya mpya, yenye nguvu mara tano ya ile ya zamani. Wakati huohuo bendi kubwa ya Tanga mjini ilikuwa inapanda mlimani kushindana nao sikukuu ya Idi. Ukizidiwa kwenye ukumbi wa kwenu, uso utauficha wapi?

Wenzake wakamwambia Mhina amplifaya ile itafutiwe spika za kiasi chake. Akakataa katakata.

"Nimwambie nini mzee? Kwamba kazi ya mikono yake imekuwa takataka?"

Akachomeka waya kwenye sanduku la baba. Alipopiga polepole, sauti ikawa tamu. Alipoifungua kama ambavyo angeifungua siku ya mpambano, spika zikakoroma, zikalia kama karatasi inayochanwa, kisha harufu ya kuungua ikajaa chumba. Mhina alitamani ardhi impasukie. Alichotaka kukilinda ndicho alichokiua.

Akaenda nyumbani na sanduku begani.

"Shikamoo, baba. Nimeliunguza."

"Marahaba. Ulilichomeka kwenye nini?"

Mhina akamweleza yote. Mzee akalipapasa sanduku, mara akaangua kicheko.

"Kumbe ulikuwa unanionea huruma?"

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

"Hili nililipima kwa amplifaya yenu ndogo, na miaka yote halikukuangusha. Leo umepata ngurumo, unataka kuitia kibuyuni! Ngurumo haikai kibuyuni, mwanangu. Heshima ilikuwa uje uniambie, 'Baba, nimekua, nichongee jingine.' Au nani kakwambia mkono wangu umekufa?"

Wakaisoma amplifaya pamoja, maandishi ya nyuma yake. Zikatafutwa spika nne za kuhimili nguvu ile, zikaunganishwa kama yenyewe inavyotaka, na mzee akazichongea sanduku linalomfikia mtu kifuani. Siku zile randa haikunyamaza, na mzee alikuwa akipiga mluzi.

Siku ya Idi wageni walipiga vizuri, haki yao tuwape. Kisha Mhina akagusa nyuzi. Sauti ikatoka nzito na safi, haikukoroma hata chembe, na waliokuwa nje wakaingia wakicheza. Dansi lilipopoa, mpiga gita wa Tanga mwenyewe akasogea jukwaani, akauliza sanduku lile limenunuliwa wapi.

"Halijanunuliwa," Mhina akasema, akamwonyesha mzee aliyekaa kiti cha mbele. "Kalichonga baba yangu."

Mzee Shekiondo akasimama, akaiweka sawa kofia yake.

"Sanduku ni langu, kweli," akasema, ukumbi mzima ukimsikia. "Lakini hiyo ngurumo ni mwanangu."

Basi mkiisikia tena msicheke. Ngurumo haikai kibuyuni.