Kamba ya Kuku Mgeni

"Kamba ya kuku mgeni ina siku yake." Mmeisikia asubuhi kwa mlinzi, na tangu hapo hamniachi nichambue mboga kwa raha. Ile ya kuku mgeni kutokosa kamba mguuni ni ya watu wote. Hii ni ya kwetu, ya makao haya haya ambayo uji wake hamuishi kuulalamikia. Methali hii ilianza hivi, na anayetaka kunikatiza akachote maji kwanza.

Mkuu wa makao wakati huo alikuwa Mwalimu Kitundu. Vijana walioshindikana nyumbani na kufukuzwa shule aliwapokea kwa mikono miwili, akawafundisha, na wengi wakatengemaa. Alikuwa na sharti: mgeni havuki lango mpaka yeye mwenyewe aseme amezoea. Sharti zuri kabisa. Ila mwalimu alikuwa na hofu. Kulikuwa na kijana aliyemruhusu mapema, akarudia pombe, akafa, na kifo kile hakikumtoka mwalimu moyoni.

Ndipo akaletwa Fidea, binti wa Kiomboi. Alikuja ananuka gongo, ameshamtukana mama yake mbele ya majirani. Mimi nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na siku za mwanzo alinirushia sahani ya maharage. Nilimpenda hivyo hivyo. Taratibu akatulia, akarudi darasani, akaishika cherehani hata wenzake wakawa wanampelekea sare zao azipunguze. Mwishowe akaitwa kwenye usaili wa chuo cha ufundi mjini. Hapakuwa na kitu alichokitaka kuliko nafasi ile. Alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda walau dukani, azoee njia, na mwalimu akimjibu, "Bado."

Sasa, siku zile zile mwalimu alikuwa amenunua tetea mnadani. Hapa Singida mnajua wenyewe: kuku mgeni hufungwa kamba ya kitambaa mguuni, ikashikizwa kwenye kigingi karibu na banda, asije akakimbilia alikotoka. Akishazoea, aliyemfunga humfungua. Fidea ndiye aliyemlisha, akamwambia mwalimu kuku amezoea. Nami nikamwambia. "Bado, atapotea," akasema. Masika yakaja yakaisha, kuku yuko kwenye kigingi.

Siku ya usaili ilipofika, mwalimu aliona haya kumzuia Fidea. Akatoka na uso wa furaha, akasema leo anawaachia wote wawili. Akaikata kamba ya kuku mbele yetu, tukasogea kando tumwone akichapa mbio.

Kuku akazunguka kigingi. Akafika pale kamba ilipokuwa ikiishia, akageuka, akazunguka tena. Tukamfukuza, shii, shii! Wapi! Anakwenda mpaka pale pale, anarudi. Tulicheka sana, na mimi nikiwemo. Fidea peke yake hakucheka.

Alichukua mkoba wake, akaenda langoni. Lango lilikuwa wazi na gari la kwenda mjini lilikuwa barabarani linapiga honi. Fidea akasimama.

"Nenda, mwanangu," mwalimu akamwambia. "Nimekuruhusu."

"Siwezi, mwalimu."

"Unaogopa nini?"

"Humu ndani najijua. Huko nje sijui nitakuwa nani."

Tukambembeleza, tukamsukuma kwa maneno, lakini miguu ilikataa. Gari likaondoka, na nafasi ya mwaka ule ikaenda nalo. Fidea akalia. Mwalimu naye akakaa chini pale vumbini, mtu mzima na suruali yake ya kupigwa pasi.

"Kamba ya kuku mgeni ina siku yake," akasema. "Nami nimeipitisha."

Mnauliza kuku aliishia wapi? Fidea alimmwagia mtama nje kidogo ya ule mduara, kesho yake mbele kidogo zaidi, mpaka akausahau mduara wake. Mwalimu alipoona vile, akaanza kutembea na Fidea hadi dukani. Baadaye akawa anabaki nyuma, baadaye akawa anaishia langoni. Mwaka uliofuata binti alikwenda usaili peke yake. Siku hiyo mwalimu hakula. Alishinda anatazama barabara, na Fidea aliporudi jioni na habari kwamba amechukuliwa, mzee alimshika tu mkono, akaingia ndani.

Kwa hiyo msiniambie kumfunga mgeni ni ukatili. Angeachwa siku ile ile aliyofika angepotea, na nyie mngepotea. Lakini anayefunga asijisahau, maana kamba ikipita siku yake, hata ukiikata, kuku bado amefungwa.

Ndiyo maana kesho nawatuma sokoni peke yenu. Msidhani siogopi. Kesho nitashinda nimekodoa macho barabarani kama Kitundu. Lakini mtakwenda. Kamba ya kuku mgeni ina siku yake.