Vipande Vinane vya Ufuta

Mkakasi ni chombo cha mti kilichorembwa nje kwa rangi na nakshi. Anayeuona hudhani ndani mna dhahabu. Akiufunua hukuta mti mtupu. Wanawake wa kikundi cha ufuta cha Nambilanje waliufunua mkakasi wao msimu uliopita. Aliyewalazimisha kuufunua ni mwenyekiti wao, Mwamina, mama wa watoto wanne asiyejua kuzungusha maneno.

Mkakasi huo uliletwa na mdogo wake, Rashidy. Alifika kutoka Nachingwea mjini ufuta ukiwa umefika magotini, akiwa na katoni ya busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia kwenye majani.

"Ukipulizia hii, ufuta unazaa mara mbili," aliwaambia. Akawaonyesha picha kwenye simu: ufuta wa Nambambo, mrefu kumpita mtu. Alitaka jambo moja. Baada ya mavuno kikundi kimpe magunia mawili ya mbegu kiliyoyahifadhi ghalani, naye awaletee busta ya mashamba yote. Mbegu hiyo walikuwa wameichagua kwa mikono yao misimu mitatu. Ikiondoka, hawana nyingine.

"Tumpe," alisema Bi Mwanawetu, mkubwa wao kwa umri. "Mgongo wangu umechoshwa na jembe."

Mwamina aliisogeza simu karibu na macho. "Hiki nyuma ya ufuta ni nini?"

"Kichuguu."

"Umepulizia ufuta wa kando ya kichuguu, halafu unaisifu busta? Pale hata ukipulizia mate, utazaa."

Wanawake walicheka. Nani kati yao hakujua kwamba udongo wa kichuguu ndio ulionona kuliko wote shambani?

"Dada, hiyo stashahada yako ya kilimo imekuharibu," alisema Rashidy. "Kila kitu unataka ushahidi."

"Haijaniharibu. Nitaharibika nikikupa mbegu kwa maneno matupu."

Siku iliyofuata Mwamina aligawa robo ekari ya shamba lake vipande vinane. Udongo ulikuwa mmoja na kichuguu hakikuwepo. Agatha, katibu wa kikundi, aliandika namba kwenye karatasi, akazikunja na kuzitikisa ndani ya sufuria. Namba nne za kwanza kutoka zilipata busta. Nne zilizobaki zilipata maji matupu.

"Maji ya nini tena?" Rashidy aliuliza.

"Ili ufuta wote uloweshwe sawasawa. Sitaki kuisifu busta kumbe ni maji. Na bomba la kupulizia utalibeba wewe mwenyewe, usije ukasema tumekosea vipimo."

Rashidy alipulizia mara tatu, kwa vipimo vyake mwenyewe. Wiki zilipopita, vipande vinne vya busta vikawa na kijani cha kung'aa kama vimepakwa mafuta. Wapita njia walisimama kuvitazama. Rashidy alitembea kifua mbele kama jogoo.

"Mwenyekiti, umeshindwa. Kubali tu," alisema Bi Mwanawetu.

"Bi mkubwa, tangu lini tunauza majani? Kama shindano ni la mboga ya mlenda, Rashidy ameshinda. Sisi tunasubiri mbegu."

Mwezi wa sita walikata ufuta, wakausimamisha matita ukakauka, kisha wakaukung'uta kwenye maturubai, kila kipande peke yake. Baada ya kupepeta, Agatha alitia ufuta wa kila kipande katika mfuko wake na kuzika ndani karatasi yenye namba yake na neno busta au maji. Kwa nje mifuko yote minane ilifanana.

"Haya, mdogo wangu," Mwamina alisema. "Ibebe mmoja mmoja. Chagua minne mizito. Bila shaka ni ya busta."

Rashidy aliinua, akarudisha, akainua tena. Hatimaye aliitenga minne, akajipangusa mikono. Agatha aliingiza mkono ndani ya kila mmoja na kutoa karatasi.

"Maji," alisoma. "Busta. Maji." Alikunjua ya mwisho. "Busta."

Walipima yote kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia nafaka. Ufuta wa busta ulijaza sado kumi na tatu. Ufuta wa maji ulijaza sado kumi na tatu, na kiganja kimoja juu.

Rashidy alichota ufuta na kuuacha umwagike taratibu kati ya vidole. "Majani yalipendeza, dada."

"Yalipendeza sana. Pengine uko udongo wenye njaa ya kitu kilichomo humu. Ukiupata, upime hivihivi, utuletee mifuko wala si picha. Udongo wetu hauna njaa hiyo, na mbegu haitoki."

Wote walimgeukia Bi Mwanawetu, aliyekuwa wa kwanza kukubali. Alijikongoja hadi ghalani, akaketi juu ya magunia mawili ya mbegu na kunyoosha miguu.

"Anayeyataka aje aniinue," alisema. "Mimi majani niliyaona kwa macho haya. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."